Shotigani ya Zamani: Jinsi ya Kujua Presha ya Risasi Inayoifaa Kabla Hujafyatua

Risasi ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) ikiteleza vizuri ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, na bunduki ikafunga bila shida, wengi huona kazi imekwisha. Bado. Kwa shotigani ya mitutu miwili iliyotengenezwa Uingereza au Ubelgiji kabla ya miaka ya 1950, kuingia kwa risasi hakusemi lolote kuhusu presha itakayozuka baruti ikiwaka. Bunduki ina muhuri unaoeleza ilipimwa kwa nguvu gani, na boksi la risasi lina maandishi yake. Mpaka vitu hivyo viwili vikubaliane, usifyatue.

Huku kwetu Dodoma, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Kondoa, wilaya ya Chemba na kule Manyoni, bado zipo familia zenye shotigani aliyoinunua babu enzi za mkoloni. Ilikuwa ikifukuza nguruwe pori kwenye karanga na ngedere kwenye mahindi. Leo mjukuu anaichukua na kwenda nayo dukani. Muuzaji anauliza geji tu, mjukuu anajibu "kumi na mbili", anapewa boksi la risasi za kisasa. Hakuna aliyedanganya hapo, ila swali la maana halikuulizwa.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza

Hili nalipitia haraka kwa sababu halina mjadala. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kukaa na bunduki bila leseni, na leseni ya marehemu hairithiwi pamoja na ng'ombe. Mwenye bunduki akifariki, silaha ipelekwe polisi, mrithi aombe leseni kwa jina lake. Kuificha juu ya dari la tembe "mpaka msiba uishe" ni kujitafutia kesi. Tena leseni ya silaha si kibali cha kuwinda. Kanga wa wilaya ya Chemba na bata maji wa bwawa la Bahi wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kibali chao ni kingine.

Mwongozo huu ni wa risasi za kiwandani peke yake. Anayekuambia anaweza kukujazia maganda upya kwa baruti yake mwenyewe, mkimbie.

Hatua ya 2: Hakikisha ni tupu, kisha tazama ndani ya mtutu

Fungua bunduki, angalia chemba zote mbili, zipapase kwa kidole. Itenganishe: mbao ya mbele itoke, mitutu itoke. Sasa inyanyue mitutu uelekeze kwenye mwanga na uchungulie kutokea nyuma.

Dodoma ina adui wake hapa, naye ni nyigu wa udongo. Bunduki iliyosimamishwa kwenye pembe miezi michache ya kiangazi inaweza kuwa na kiota kigumu ndani ya mtutu, udongo umekauka ukawa tofali. Mtutu mmoja ukiwa na kizuizi cha namna hiyo, hata risasi ya presha ndogo kabisa inaweza kuupasua, maana gesi na marisau (vigololi vilivyomo ndani ya risasi) vinakuta mlango umefungwa. Pitisha ufito wa kusafishia wenye kitambaa chenye mafuta mepesi mpaka uone duara safi la mwanga toka mwisho hadi mwisho. Rudia kila unapoitoa kabatini, hata kama uliisafisha wiki iliyopita.

Kizuizi cha pili ni cha kutengenezwa na binadamu. Risasi ya geji 20 ikidondoshwa kwenye mtutu wa geji 12 haitoki upande wa pili. Inapita chemba na kukwama mbele kidogo, mahali usipoiona. Mwenye bunduki anafikiri hajaweka kitu, anaweka ya geji 12 nyuma yake, anafyatua. Mtutu unafumuka pale pale mkono wa kushoto unaposhika. Kama nyumbani mna bunduki mbili za geji tofauti, risasi zake zisikae mfuko mmoja kamwe.

Hatua ya 3: Soma mihuri

Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Geuza mitutu, tazama upande wa chini karibu na chemba. Futa mafuta na uchafu kwa mswaki laini, usikwangue kwa sandpepa. Chukua kioo cha kukuzia, au piga picha kwa simu mwanga ukitokea ubavuni. Utaona taji dogo, herufi, namba.

Mihuri hii iligongwa na nyumba za majaribio, ambako kila mtutu ulipigwa kwa risasi yenye presha kubwa kuliko ya kawaida ili kuona kama utastahimili. Uingereza ina mbili: ya London, iliyo chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopata hati yake mwaka 1637, na ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1813. Ubelgiji ina yake mjini Liège.

Swali la kwanza ni hili: bunduki ilipimwa kwa baruti nyeusi peke yake, au pia kwa baruti isiyo na moshi, ambayo ndiyo imo kwenye kila risasi ya dukani leo? Kwenye bunduki ya Uingereza tafuta herufi NP, au BNP, chini ya taji au chini ya mkono ulioshika upanga. Mtindo huo ulianza mwaka 1904. Nyingine za kabla kidogo ya hapo zimeandikwa NITRO PROOF kwa urefu wake. Bunduki ya Ubelgiji huwa na ELG ndani ya duara la yai, lakini hiyo peke yake haitoshi. Baruti ya kisasa huonyeshwa na simba mwenye PV chini yake. Mjerumani aliweka N chini ya taji, Mwitaliano PSF.

Ukikuta maneno NOT FOR BALL, au mihuri ya baruti nyeusi bila alama yoyote kati ya hizo, bunduki hiyo si ya risasi za dukani. Kuna wanaosema "tumia tu risasi nyepesi". Mimi sikubaliani nao. Baruti nyeusi na baruti ya kisasa huwaka na kusukuma kwa namna mbili tofauti, na gramu chache za marisau hazibadilishi jambo hilo.

Angalia pia uso wa mitutu. Kama unaona mistari iliyopindapinda ya kahawia na kijivu, mithili ya nyuzi zilizosokotwa, huo ni mtutu wa Damascus, uliotengenezwa kwa kusokota na kuunganisha vipande vya chuma laini na feleji kwa moto na nyundo. Si kila Damascus ni kifo. Zipo zilizopita jaribio la baruti ya kisasa na muhuri unathibitisha. Lakini kutu huweza kutafuna maungio yake kwa ndani bila kuonekana nje. Damascus isiyo na muhuri huo itundike ukutani, pini za kufyatulia zikiwa zimetolewa na leseni ikiwepo.

Swali la pili ni kiasi cha presha, na namba zake huchanganya sana watu. Bunduki za Uingereza zilizopimwa, au za zamani zilizopimwa upya, baada ya sheria za mwaka 1954 hugongwa tani kwa inchi mraba, mara nyingi 3 au 3¼. Namba hiyo ni presha ya kazi, yaani kiwango cha juu cha wastani wa risasi unazotakiwa kutumia. Bunduki za miaka ya karibuni hugongwa bar 900 au 930 (bar ni kipimo kingine cha presha), na hiyo ni presha ya jaribio, si ya kazi. Kwa hiyo bunduki yenye 930 haimaanishi uiwekee risasi za bar 930. Risasi zake ni zile ambazo wastani wake hauzidi bar 740.

Tena usichukue kikokotoo ukazidisha tani 3 kwa ratili 2,240 ukapata 6,720 ukadhani ndiyo psi (ratili kwa inchi mraba). Tani zile zilipimwa kwa kuangalia kipande kidogo cha metali laini kilivyopondeka presha ilipokipiga, na njia hiyo husoma chini ya ukweli. Kwa vipimo vya kielektroniki vya leo, tani 3 ni karibu psi 9,000. Ndiyo sababu ukikuta jedwali la zamani la Kimarekani lenye herufi LUP, yaani presha iliyopimwa kwa njia hiyo hiyo ya kupondeka, usilifananishe na psi kana kwamba ni kitu kimoja. LUP 9,000 ni presha kubwa kuliko psi 9,000.

Hatua ya 4: Pima urefu wa chemba

Chemba za zamani za geji 12 ni inchi 2½, yaani milimita 65. Za kisasa ni inchi 2¾, milimita 70, na kuna za inchi 3, milimita 76. Zipo pia chache za inchi 2 tu.

Hapa pana mtego mkubwa kuliko yote. Urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda baada ya kufyatuliwa, mdomo wake ukiwa umefunguka. Risasi ya milimita 70 ambayo haijapigwa, yenye mdomo uliokunjwa kama nyota, ina urefu wa karibu milimita 58 hadi 60. Itaingia kwenye chemba ya 65 bila hata kugusa. Ukifyatua, mkunjo unajaribu kufunguka na kukuta chemba imeisha, ganda linabanwa kwenye koo la mtutu (pale chemba inapoanza kupungua kuingia mtutuni), njia ya marisau inakuwa finyu, presha inapanda. Kiasi cha kupanda hutegemea risasi yenyewe na umbo la koo. Wako waliopiga hivyo miaka mingi bila ajali, na hao ndio wanaoeneza ushauri mbaya kwenye vijiwe.

Wakati mwingine urefu umegongwa chini ya mtutu: 2½" au 65. Herufi C ndani ya umbo dogo la almasi lililochongoka pande nne, pamoja na 12, ilitumika Uingereza kuanzia mwaka 1887 na huashiria chemba ya kawaida ya wakati ule. Usitegemee muhuri peke yake, kwa sababu katika miaka mia moja mtu anaweza kuwa ameichimba chemba iwe ndefu bila kuirudisha kwenye majaribio. Pima.

Kipimo bora ni kile maalumu cha kiwandani. Usipokuwa nacho, fundi wa leithi mjini anaweza kukukatia kipande bapa cha shaba chenye upana wa milimita 20.3 kamili, kingo zikiwa laini. Chemba ya geji 12 ni pana kidogo nyuma, karibu milimita 20.6, na hupungua kwenda mbele. Kipande hicho kitateleza na kusimama chemba inapoishia. Weka alama kwa penseli usawa wa nyuma ya mtutu, toa, pima kwa vernia. Fanya mtutu wa kulia na wa kushoto, maana hazilingani kila mara. Ukipata 70 wakati muhuri unasema 65, chemba ilichimbwa, ukuta wake ni mwembamba kuliko ulivyopimwa, na muhuri hauna thamani tena.

Hatua ya 5: Soma boksi la risasi

Sasa linganisha. Kwa geji 12, viwango unavyokutana navyo ni hivi. Risasi za kundi la zamani, zilizokusudiwa chemba ya milimita 65 na bunduki za tani 3, hukaa bar 650 au chini yake, sawa na psi 9,400 hivi. Risasi za kawaida za leo kwa kanuni za CIP, ambayo ni jumuiya ya nchi zinazotambuana mihuri, huruhusiwa hadi bar 740, karibu psi 10,700. Za Kimarekani, kwa kanuni za SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi wa huko, huruhusiwa hadi psi 11,500. Na zile za nguvu kubwa, magnum, hufika bar 1,050, zaidi ya psi 15,000.

Ukizitazama namba hizo utaona mambo yalivyo. Risasi ya kawaida kabisa ya Kimarekani, ambayo si magnum wala si ya ajabu, inaweza kuzidi kwa zaidi ya asilimia 20 kile ambacho bunduki ya tani 3 ilikusudiwa kubeba. Haina kasoro yoyote, imewekwa tu kwenye bunduki isiyo yake.

Boksi linalofaa litasema wazi kuwa ni la chemba za milimita 65 au inchi 2½ na kuendelea, na mara nyingi litataja bunduki zilizopimwa kwa 850 kg au tani 3. Boksi lililoandikwa 70 tu, bila presha, lirudishe kaunta. Najua dukani kwetu uchaguzi ni mdogo na utaambiwa "hizi ndizo zilizopo". Basi subiri, agiza kwa muuzaji mwenye leseni, andika maneno hayo kwenye karatasi umpe. Bunduki imengoja miaka 70, mwezi mmoja zaidi hauitii kutu.

Kuhusu marisau: chagua ya madini ya risasi, uzito wa gramu 28 au chini. Marisau ya chuma hayana nafasi kwenye mtutu wa zamani. Ni magumu, hayabonyei yanapopita mdomo uliobanwa, na yanaweza kuuvimbisha. Risasi yenye gololi moja kubwa nayo iache.

Kipigo cha begani hakipimi presha

Naliweka peke yake kwa sababu nimelisikia mara nyingi mno: "Hii haisukumi bega, kwa hiyo presha yake ndogo." Si kweli. Kipigo cha begani kinatokana na uzito wa marisau na kasi yake yanapotoka mdomoni, ukilinganisha na uzito wa bunduki. Presha ya juu kabisa hutokea mapema, marisau yakiwa yameanza tu kuondoka chembani, na inategemea zaidi kasi ya kuungua kwa baruti. Risasi nyepesi ya gramu 24 ya kushindania shabaha, yenye baruti ya haraka, inaweza kuwa na presha kubwa kuliko risasi ya gramu 32 yenye baruti ya polepole, ingawa hii ya pili ndiyo itakayokuachia alama begani.

Uzito mdogo bado una faida: mbao za kitako hazipasuki na maungio hayalegei. Ila usiutumie kukisia presha. Presha inasomwa kwenye boksi, au inaulizwa kwa mtengenezaji.

Hatua ya 6: Hali ya bunduki leo

Muhuri unasema ilivyokuwa siku ilipopimwa. Tangu hapo imepita kutu, mvua za Januari, watoto, na fundi wa baiskeli.

Shika mitutu kwa ndoano yake ya chini ikiwa inaning'inia, igonge kwa ukucha. Ikilia kama kengele, maungio ya katikati ni mazima; ikitoa sauti ya kufa, solda imeachia mahali. Ielekeze dirishani na uangalie kivuli cha fremu kinavyotambaa ndani ya mtutu. Kikinyooka ni sawa. Kikipinda au ukaona pete nyeusi, hapo pamevimba, na mtutu uliovimba haupigwi tena. Vishimo vya kutu vyepesi karibu na mdomo vinavumilika. Vikiwa mbele ya chemba, kwenye sentimita chache ambako presha ni kali, acha.

Unene wa ukuta hauonekani kwa macho. Mafundi wa Uingereza huingiwa na wasiwasi ukuta unapokuwa chini ya inchi 0.020, nusu milimita, na pia kipenyo cha ndani kikiwa kimeongezeka kwa inchi 0.010 kuliko kilivyogongwa. Hiyo hupimwa kwa vifaa vyao, si kwa kidole. Tanzania si mwanachama wa CIP, kwa hiyo huwezi kuipeleka bunduki Dodoma mjini ikagongwe muhuri mpya. Fundi silaha mwenye leseni anaweza kukagua. Akisita, nawe sita.

Mwisho rudishia mitutu bila mbao ya mbele, funga, shika kitako uitikise. Ukisikia inacheza, au ukiona mwanga kati ya mitutu na chuma kinachoifunga nyuma, gesi itapata njia ya kurudi usoni. Angalia pia mbao. Hewa kavu ya Dodoma hukausha kitako mpaka skrubu zinalegea na ufa unaanza nyuma ya chuma. Huo haupandishi presha, lakini kitako kikivunjika wakati wa kufyatua bunduki haiko tena mikononi mwako.

Kuna mtindo wa kuifunga bunduki kwenye tairi la gari, kuvuta kifyatulio kwa kamba, na ikistahimili kuitangaza salama. Usiufanye. Chuma chenye ufa kinaweza kuvumilia mara ya kwanza, ufa ukakua, kikaachia mara ya tatu ukiwa umeishika wewe.

Hatua ya 7: Kupiga, na kutunza risasi

Miwani ya kinga na vizibo vya masikio kila mara. Anza na risasi moja, mtutu mmoja, eneo halali. Fungua, tazama ganda. Fataki (kidude cha katikati ya kitako cha ganda kinachopigwa na pini) iliyotoboka, ganda lililokwama, bunduki iliyo ngumu kufunguka, moshi unaovuja nyuma: chochote kati ya hivyo, umemaliza kwa leo. Ila dalili hizo zisipokuwepo si uthibitisho, kwa kuwa kwenye shotigani presha inaweza kuzidi bila ganda kusema kitu.

Ukisikia mlio hafifu, "pfuu" badala ya mshindo, usikimbilie risasi ya pili. Elekeza mtutu pasipo na mtu, subiri nusu dakika, fungua, toa ganda, chungulia. Kizibo cha risasi, kile kinachotenganisha baruti na marisau, huenda kimebaki ndani, na hicho ni kizuizi kama kile cha nyigu.

Joto hupandisha presha. Boksi lililoachwa kwenye dashibodi ya gari barabara ya Kondoa saa nane mchana si risasi ile ile uliyoinunua, na kwa bunduki isiyo na akiba ya nguvu tofauti hiyo ina maana. Risasi zikae ndani, mahali pa baridi, kwenye kabati lenye kufuli, mbali na bunduki. Zile za maganda ya karatasi ulizozikuta kwenye sanduku la marehemu babu usizijaribu hata moja. Zipeleke polisi siku ile ile unayopeleka bunduki, uandikishe idadi yake, udai karatasi ya kupokelewa.